Kuongeza Kumbukumbu kwenye Amiga 500 na Kupata Programu Zinazokubaliana Nayo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yanamhusu mtu mwenye Amiga 500 ya kawaida, ile kompyuta ya nyumbani ambayo kampuni ya Commodore ilianza kuiuza mwaka 1987. Hayazihusu A500 Plus ya mwaka 1991 wala A600 ya mwaka 1992, kwa kuwa bodi za mashine hizo zimepangwa kwa namna nyingine na kadi zake za kumbukumbu ni tofauti. Nimeyaandika kwa sababu naona watu wakinunua kadi kwa kutazama ukubwa wake tu, kisha wakishangaa kwamba programu waliyoitamani bado haifunguki. Katika Amiga, swali la kwanza si kumbukumbu ni kiasi gani, bali ni ya aina gani na inakaa wapi.

Amiga 500 ilitoka kiwandani na kumbukumbu kiasi gani?

Ilitoka na kilobaiti 512. Mwaka 1987 hiyo ilikuwa hazina kubwa kwa kompyuta ya nyumbani, na michezo mingi ya miaka ya mwanzo iliandikwa kwa mashine yenye kiasi hicho hicho bila nyongeza yoyote. Kufikia miaka ya 1990, hata hivyo, masanduku mengi ya programu yalikuwa yakitaka megabaiti 1, na mashine isiyo na nyongeza ikaanza kuachwa nyuma. Anayetaka kucheza michezo ya mwanzo pekee anaweza kuiacha ilivyo. Anayetaka kuchora, kutunga muziki au kutumia programu za miaka ya baadaye hana budi kuongeza.

Naambiwa kuna kumbukumbu za aina tatu. Tofauti yake ni ipi?

Jibu la swali hili ndilo linaloamua karibu mambo yote yanayofuata, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Ndani ya Amiga, prosesa ya Motorola 68000 haifanyi kazi peke yake. Kuna chipu tatu maalumu zinazoisaidia: Agnus, ambayo hugawa zamu za kuisoma kumbukumbu na kunakili picha kwa kasi, Denise, ambayo hutengeneza picha inayoonekana kwenye skrini, na Paula, ambayo hushughulikia sauti na diski. Chipu hizi huchukua data zake moja kwa moja kutoka kwenye kumbukumbu bila kuipitia prosesa. Eneo la kumbukumbu ambalo chipu hizi zinaweza kulifikia linaitwa kumbukumbu ya Chip, na jina hilo utaliona likiandikwa hivyo hivyo kwenye skrini. Kila picha inayoonyeshwa na kila sauti inayopigwa lazima iwe katika eneo hilo. Skrini ya nukta 320 kwa 256 yenye rangi 32 hutwaa baiti 51,200. Skrini ya nukta 640 kwa 512 yenye rangi 16 hutwaa baiti 163,840, yaani karibu theluthi moja ya kumbukumbu yote ya mashine isiyoongezwa, kabla hujachora hata mstari mmoja.

Aina ya pili ni ile inayowekwa kwenye kilango kidogo kilicho chini ya mashine. Kwa kawaida huitwa Slow. Mimi nitaiita kumbukumbu ya kilangoni. Hii inashangaza kidogo, kwa sababu imeunganishwa kwenye njia ile ile ya data inayosimamiwa na Agnus, kwa hiyo prosesa inapotaka kuisoma hulazimika kungoja zamu yake, na wakati huo huo chipu maalumu haziwezi kuitumia kwa picha wala sauti. Ina ugumu wa pande zote mbili, lakini ni rahisi kuiweka na bei yake ni ndogo, na kwa programu nyingi inatosha kabisa, kwa kuwa maandishi ya programu yenyewe huhamia huko na kuiachia picha nafasi.

Aina ya tatu ni Fast. Hii ni ya prosesa peke yake. Huungwa kwenye tundu la upande wa kushoto wa mashine au chini ya prosesa yenyewe, na chipu maalumu haziigusi wala haziicheleweshi. Skrini ya nukta 640 yenye rangi 16 inapoonyeshwa, chipu hutwaa karibu zamu zote wakati mistari ya picha inachorwa, na prosesa iliyo na programu yake kwenye Chip au kilangoni hubaki ikingoja. Ikiwa programu iko kwenye Fast, prosesa huendelea na kazi yake kana kwamba hakuna lililotokea.

Nitajuaje mashine yangu ina nini kwa sasa?

Washa mashine kwa diski ya Workbench, ile yenye mfumo wa madirisha wa Amiga, fungua dirisha la CLI au Shell, andika neno Avail kisha bonyeza Return. Utaona mstari wa Chip, mstari wa Fast na mstari wa jumla. Safu ya Maximum ndiyo inayoonyesha kiasi chote kilichopo. Angalizo muhimu: Avail huihesabu kumbukumbu ya kilangoni kama Fast, kwa sababu mfumo unaigawa kumbukumbu kwa makundi mawili tu, ile ambayo chipu zinaifikia na ile ambayo haziifikii. Kwa hiyo ukiona kilobaiti 512 chini ya Fast, na hakuna kitu kilichochomekwa ubavuni, ujue hiyo ni kadi ya kilangoni.

Kwa maelezo zaidi, tumia programu ndogo ya SysInfo, ambayo hupatikana bure. Itakuonyesha anwani ya kila kipande cha kumbukumbu na pia aina ya Agnus iliyomo, jambo litakalokusaidia baadaye. Anwani inayoanza na C00000 ni ya kilangoni. Inayoanza na 200000 ni Fast ya kweli.

Kadi ya kilangoni inafungwaje?

Hii ni kazi ya dakika chache isiyohitaji solda. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, igeuze juu ya kitambaa safi, ondoa kifuniko cha plastiki, kisha sukuma kadi kwa usawa hadi pini zote 56 ziingie. Usiisukume kwa upande mmoja kwanza, kwani pini hupinda. Kadi ya Commodore yenyewe inaitwa A501; ina kilobaiti 512 pamoja na saa inayotunza tarehe. Kadi za makampuni mengine hufanya kazi ile ile, na nyingi zina swichi ndogo ya kuizima kumbukumbu. Ukiweza kuchagua, chagua yenye swichi. Sababu utaiona mbele.

Zipo pia kadi za kilangoni zinazofikia megabaiti 1.8. Hizo huhitaji kufungua mashine na kuweka kipande cha ziada chini ya chipu iitwayo Gary ili anwani za ziada zitambulike. Mimi simshauri mtu kuzifuata leo. Usumbufu ni ule ule wa kuweka Fast ya kweli, ilhali faida ni ndogo.

Nimenunua kadi ya zamani iliyotumika. Nikague nini kabla ya kuichomeka?

Betri. Kabla ya kitu kingine chochote, kagua betri.

A501 na kadi nyingi za wakati wake zina betri ya nikeli na kadimiamu ya volti 3.6 iliyochomewa kwenye bodi ili kuiendesha saa. Betri hizi, baada ya miaka mingi, huvuja. Majimaji yake ni alkali, hutambaa juu ya njia za shaba, huzila, na hufika hadi kwenye pini za tundu la mashine yenyewe. A501 inafichwa ndani ya bati, kwa hiyo kwa nje huoni kitu.

Kadi yangu ya kwanza niliinunua kwa muuzaji aliyeandika kwamba imejaribiwa na inafanya kazi. Niliinua meno ya bati moja moja kwa bisibisi bapa, na bati lilipotoka nikaona utando wa kijani na buluu kama kutu ya sufuria ya shaba iliyosahauliwa, umeanzia kwenye betri, umefunika miguu ya chipu ya saa, na umefika kwenye pini tatu za mwisho za tundu. Harufu yake ilikuwa kali kidogo, kama ya samaki. Njia mbili za shaba zilikuwa zimekatika kabisa. Kumbukumbu yenyewe ilikuwa bado nzima, na ndiyo maana muuzaji aliona inafanya kazi. Ingeachwa miezi michache zaidi ndani ya mashine, ingeharibu bodi.

Ukikuta hali hiyo, ing'oe betri kwanza. Paka siki nyeupe au maji ya ndimu kwenye utando kwa mswaki laini ili kuivunja nguvu alkali, suuza kwa maji safi yasiyo na chumvi, kisha kwa spiriti ya isopropili, na uiache ikauke kabisa. Kisha pima kila njia kwa mita ya umeme. Kama saa haikuhusu, acha nafasi ya betri wazi. Kumbukumbu haihitaji betri hata kidogo. Kama unataka saa, weka kishikio cha betri ya CR2032 pamoja na dayodi, kwa kuwa mashine itajaribu kuichaji betri kama ilivyokuwa ikiichaji ile ya zamani, na CR2032 haitakiwi kuchajiwa. Kwa wanaoishi pwani, ambako hewa ina chumvi na unyevu, usiahirishe kazi hii hata kwa kadi ambayo bado inaonekana safi.

Nimeweka kilobaiti 512 za ziada, lakini programu yangu ya kuchora bado inalalamika kwamba kumbukumbu imekwisha. Kwa nini?

Kwa sababu ulichoongeza ni kumbukumbu ya kilangoni, na picha zinahitaji Chip. Habari njema ni kwamba kwenye mashine nyingi za baadaye kadi hiyo hiyo inaweza kugeuzwa kuwa Chip, ukapata megabaiti 1 nzima ya Chip badala ya nusu kwa nusu.

Sharti la kwanza ni Agnus. Mashine za mwanzo zilikuwa na Agnus namba 8370 au 8371, ambazo uwezo wake unaishia kilobaiti 512 za Chip. Za baadaye zina namba 8372A, ambayo inafikia megabaiti 1. Namba imeandikwa juu ya chipu yenyewe, ile ya mraba iliyo ndani ya soketi. SysInfo nayo hukusaidia kuitambua bila kufungua. Sharti la pili ni bodi. Kwenye bodi iliyoandikwa Rev 6A (yaani toleo la 6A), kazi iko kwenye alama mbili: JP2, ambayo muunganisho wake huhamishwa kutoka jozi moja ya vituo hadi nyingine, na JP7A, ambayo hukatwa ili mashine isiitafute tena kumbukumbu kwenye anwani ya kilangoni. Pata mchoro wa bodi yako kabla ya kushika kisu, na kama hujawahi kushika chuma cha solda, mpe fundi wa redio au simu aliyezoea bodi ndogo. Kwake ni kazi ya robo saa.

Kwa mchoraji na mtunzi wa muziki, badiliko hili lina thamani kuliko megabaiti nane za Fast. Programu za muziki kama ProTracker huziweka sauti zote kwenye Chip, kwa kuwa Paula haiwezi kuzisoma kwingine. Kwa mcheza michezo faida yake ni ndogo zaidi, na ipo michezo michache inayotaka kuikuta nyongeza kwenye anwani ya zamani ya kilangoni. Kwa sababu hiyo mafundi wengine huweka swichi ya kurudisha hali ya awali.

Fast ninaipata wapi leo?

Zamani iliingia kwa ubavu. Commodore iliuza A590, sanduku lenye diski kuu ya megabaiti 20 na soketi za kuweka hadi megabaiti 2 za Fast, likiwa na umeme wake lenyewe. Kampuni ya GVP nayo iliuza sanduku la aina hiyo linalofikia megabaiti 8. Vifaa hivi bado vinapatikana, ila diski zake ni za miaka mingi na hufa bila taarifa.

Kadi mpya zinazotengenezwa na wapenzi wa mashine hii hukaa ndani. Unaitoa prosesa ya 68000 kwenye soketi yake ya miguu 64 kwa kuiinua polepole pande zote mbili, unaweka kadi kwenye soketi, kisha unairudisha prosesa juu ya kadi, ukihakikisha alama ya nusu duara inatazama upande ule ule wa awali. Nyingi hutoa megabaiti 8, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa kilichotengwa kwa kadi za namna hii kwenye ramani ya anwani ya mashine. Huhitaji kuandika amri yoyote: kuanzia Kickstart 1.2 (Kickstart ni sehemu ya mfumo iliyo kwenye ROM, chipu isiyofutika), mfumo huzitambua kadi zenyewe unapowasha. Pima urefu kwanza, kwani kadi nyingine hazikai chini ya bati la kinga.

Kama una kadi ya kilangoni na Fast ya kweli kwa pamoja, na unatumia Workbench 1.3, endesha programu ya FastMemFirst iliyo kwenye droo (folda) ya System. Bila hiyo, mfumo huanza kuijaza kumbukumbu ya kilangoni, na Fast hubaki bila kazi.

Je, umeme wa mashine utatosha?

Kwa kadi ya kilangoni pekee, ndiyo. Ukiongeza vitu vingi, pima. Chakula cha kumbukumbu ni volti 5, na mita inapaswa kusoma kati ya 4.75 na 5.25 mashine ikiwa inafanya kazi, si ikiwa imezimwa. Chini ya hapo mashine hukwama ovyo, na mtu huanza kuilaumu kadi isiyo na kosa. Mashine za Ulaya zinakubali umeme wa ukutani wa Tanzania na Kenya moja kwa moja. Iliyotoka Marekani ina adapta ya volti 110, ambayo ukiichomeka ukutani hapa utaiunguza, badilisha adapta.

Baada ya kuweka kadi, skrini imekuwa ya kijani na mashine haiendelei. Nimeharibu kitu?

Huenda hujaharibu chochote. Kijani maana yake ni kwamba jaribio la kumbukumbu ya Chip limeshindwa. Zima, toa kadi, washa tena. Ikiwaka vizuri, tatizo ni mguso mchafu, kadi iliyoingia upande, au kazi ya JP2 ambayo haikukamilika. Safisha meno ya tundu kwa spiriti na urudie. Skrini nyekundu inaashiria hitilafu ya ROM, na ya njano huashiria kwamba prosesa imekumbana na hitilafu kabla mfumo haujawa tayari.

Nitajuaje programu fulani inahitaji kumbukumbu kiasi gani?

Tazama sanduku au kitabu chake. Ikiandikwa 512K, mashine ya kawaida inatosha. Ikiandikwa 1 MB, kadi ya kilangoni inatosha karibu kila mara. Dungeon Master ya Amiga, kwa mfano, haikubali chini ya megabaiti 1, nayo ni miongoni mwa michezo iliyowafanya watu wengi kununua kadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Jambo moja ambalo wengi hawalijui: kila kiendesha diski cha nje hutwaa kipande cha kumbukumbu, hata kama hakina diski ndani. Kwenye mashine ya kilobaiti 512, kukichomoa tu kumewahi kuwa dawa ya programu iliyokuwa ikikataa kwa kukosa nafasi ndogo.

Njia nzuri ya kujua kabla ya kutumia fedha ni kuijaribu programu kwenye kiigizi, yaani programu inayoiga Amiga ndani ya kompyuta ya leo, kama WinUAE au FS-UAE. Weka Chip 512, Slow 512, Fast sifuri, uone inavyofanya, kisha badilisha. Ukweli utakaouona hapo utakuwa karibu sana na wa mashine halisi.

Mchezo uliokuwa ukifanya kazi sasa unaonyesha picha zilizovurugika, au unagoma kabisa. Imekuwaje niongeze kumbukumbu nikapoteza mchezo?

Hili huwaudhi watu kuliko yote, na chanzo chake kinaeleweka. Programu inapoomba kumbukumbu kutoka kwa mfumo, inapaswa kusema kama inataka Chip au haijali. Kwenye mashine ya kilobaiti 512 kila kilichopo ni Chip, kwa hiyo mwandishi aliyesahau kusema hakuona kosa lolote: picha zilionekana, sauti ilisikika, diski ikapelekwa dukani. Ukiongeza kadi, mfumo humpa mwombaji asiyesema kumbukumbu isiyo ya Chip kwanza, ili kuihifadhi Chip kwa wanaoihitaji. Picha zinawekwa mahali ambapo Denise haioni, na skrini inajaa takataka za rangi. Kosa lilikuwapo tangu siku ya kwanza. Kadi yako imelifichua tu.

Dawa zinategemea jinsi programu inavyoanzishwa. Kama unaifungua kutoka Workbench, endesha kwanza NoFastMem, iliyo pia kwenye droo ya System. Inaficha kila kisicho Chip hadi utakapoizima. Kama ni mchezo unaoanza na diski yake wenyewe, NoFastMem haitakusaidia, kwa sababu unapowasha upya kila kitu hufutwa. Hapo ndipo swichi ya kadi inapodhihirisha thamani yake: unaizima, unawasha mashine, mchezo unaikuta Amiga ya mwaka 1987. Kadi isiyo na swichi itakulazimu kuichomoa kila mara, na tundu la pini 56 halikutengenezwa kwa kuchomolewa kila jioni.

Mashine zilizobadilishwa prosesa kuwa 68020 au zaidi huongeza tatizo jingine. 68000 hutumia biti 24 tu za anwani, na waandishi wengine waliziazima biti nane za juu kuwekea mambo yao. AmigaBASIC, lugha ya kuandikia programu iliyotengenezwa na Microsoft, ni mfano unaojulikana. Kwenye kumbukumbu ya biti 32 huanguka. Kwa sababu hiyo mtu anayetaka hasa programu za zamani namshauri abaki na 68000.

Nibadilishe Kickstart pia?

Kickstart ni sehemu ya mfumo iliyo kwenye ROM. Amiga 500 nyingi zina 1.2 au 1.3. Kwa michezo ya zamani, 1.3 ndiyo inayokubaliana na programu nyingi zaidi, na ndiyo ya chini kabisa inayoweza kuanzisha mashine kutoka diski kuu. Programu nyingi za kazi za miaka ya 1990 zinataka 2.04 au zaidi. Ukihitaji zote mbili, weka kibadilishio cha ROM mbili chenye swichi. Fahamu kwamba 2.04 ina kilobaiti 512 badala ya 256, na bodi za Rev 5 na za kabla yake zinahitaji waya wa ziada ili kuipokea. Kickstart bado ina mwenye haki. Nakala halali zinauzwa katika kifurushi cha Amiga Forever cha Cloanto.

Programu zenyewe zinapatikana wapi?

Mahali pa kwanza ni Aminet, hazina iliyoanzishwa na wanafunzi wa Uswisi mwaka 1992 na inayopokea mafaili hadi leo. Kila faili lina maelezo yake mafupi. Yasome kabla ya kupakua: mstari wa Requires hutaja mahitaji, na mstari wa Architecture ukisema m68k-amigaos ni kwa familia ya prosesa yako, lakini ukifuatwa na namba kama 3.0 ujue inataka mfumo mpya kuliko wako. Vilevile kuna diski za Fred Fish, mkusanyo wa zaidi ya diski 1,000 za programu zinazoruhusiwa kusambazwa bure; zile za mwanzo ziliandikwa wakati kilobaiti 512 zilikuwa kawaida, kwa hiyo zinafaa sana mashine isiyoongezwa.

Michezo ya kibiashara ni suala jingine. Kuwa ya zamani hakuifanyi iwe bure. Wapo waandishi waliotoa ruhusa ya wazi, na diski halisi zinauzwa kwa bei ya kawaida. Naomba tuanzie huko.

Nikishapakua, naifikishaje kwenye Amiga?

Kompyuta ya kawaida haiwezi yenyewe kusoma wala kuandika diski ya Amiga, kwa kuwa Amiga huandika kwa mpangilio wake, sekta 11 kwa kila mzingo na kupata kilobaiti 880. Una njia mbili. Ya kwanza ni kifaa cha Greaseweazle, kinachounganishwa kwa USB na kuendesha kiendesha diski cha kawaida, kikiandika faili la ADF (nakala ya diski nzima ya Amiga) kwenye diski halisi. Tumia diski za DD (za msongamano maradufu), si HD (za msongamano mkubwa). Data kwenye HD iliyozibwa tundu haidumu. Ya pili ni Gotek iliyowekewa FlashFloppy, inayokaa mahali pa kiendesha diski na kusoma ADF kutoka kwenye flashi. Faili la ADF lililo kamili lina baiti 901,120. Likiwa pungufu, upakuaji ulikatika.

Nimesikia kuhusu WHDLoad. Inahitaji nini?

WHDLoad huwezesha michezo ya diski kuendeshwa kutoka diski kuu, na katika kufanya hivyo hurekebisha mingi ya ile michezo inayogoma kwenye kumbukumbu ya ziada au Kickstart mpya. Inataka Kickstart 2.0 au zaidi, na ingawa huanza na kumbukumbu kidogo, hupenda kuupakia mchezo mzima kwenye Fast ili isirudi kwenye diski katikati. Mwenye Chip megabaiti 1 na Fast megabaiti 8 ataendesha sehemu kubwa ya michezo ya Amiga 500 bila shida. Kwenye 68000 halisi, kitufe cha kutoka kwenye mchezo hakifanyi kazi kwa kila mchezo. Inabidi kuwasha upya.

Mashine yangu ni ya Marekani. Je, programu za Ulaya zitafanya kazi?

Zitafunguka, lakini nyingi zilichorwa kwa mistari 256 ya PAL (mfumo wa televisheni wa Ulaya), na mashine ya NTSC (mfumo wa Marekani) huonyesha 200 tu, hivyo sehemu ya chini ya picha hukatika, na muziki huenda kasi kwa sababu ya mapigo 60 kwa sekunde badala ya 50. Agnus 8372A inaweza kugeuzwa kwa programu kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, mradi televisheni yako iwe inapokea yote mawili.